Ahadi haiezeki shule: tuhesabu makuta, tuache kuhesabu makofi

Ndugu wasikilizaji wa hapa Oicha, na ninyi jamaa mliotoka Eringeti, Mbau, Kamango na vijiji vingine mkaacha kakao ikiiva mtini bila wa kuivuna, maneno haya sikuyasoma ku redio. Ni marefu kupita dakika tatu ninazopewa, na tena yananigusa mimi mwenyewe. Nayaandika hapa ili mwenye simu amsomee asiye na simu.

Nasema wazi tangu mwanzo. Mikutano yetu ya kuchanga makuta, ile ya kujenga shule, kituo cha afya, kanisa ao daraja, imeharibika. Wanasiasa wameifanya kampeni. Waandaaji wameifanya sikukuu. Na sisi wanahabari tumeifanya soko. Anayelipa gharama ya hayo yote ni mama aliyeleta franka 500 mkononi, akazitoa mbele ya watu, akarudi nyumbani akiamini kwamba mengine yatafuata.

Sisemi ya kusikia. Ni miaka mingi sasa naenda kwenye mikutano hii, kalamu na simu ya kurekodi mkononi. Nimekula wali wake, nimekunywa soda zake, na nimefanya kosa ambalo nitalisema hapa chini.

Siku ya mchango

Siku yenyewe mnaijua. Bahasha na barua za mwaliko zinatangulia juma mbili. Siku ikifika, hema linafungwa, viti vya plastiki vinakodishwa, mabafle yanapiga nyimbo tangu saa mbili asubuhi. Mkutano umeandikwa saa tatu. Mgeni wa heshima anafika saa saba, pikipiki kumi zikimtangulia na honi. Wakati huo watoto wa shule wamesimama juani tangu asubuhi, na familia za wakimbizi wa ndani zimeketishwa mstari wa mbele. Msidhani ni heshima. Ni kwa ajili ya picha.

Kisha maneno. Mchungaji anaomba. Mwenyekiti wa kamati anasoma hotuba. Chifu wa kata, mjumbe wa shirika la raia, mjumbe wa vijana, mjumbe wa wamama, kila mmoja na dakika zake. Mgeni wa heshima anashika mikro nusu saa nzima: juu ya usalama, juu ya barabara, juu ya chama chake, juu ya wale waliomtangulia ambao hawakufanya kitu. Mwishoni kabisa, watu wakiwa na njaa, ndipo linafika jambo lililotuita. Mtangazaji anaita majina. "Mheshimiwa, mabati mia moja!" Makofi. "Bwana mnunuzi wa kakao, mifuko hamsini ya simenti!" Vigelegele. "Patron wetu, dola mia tano!" Watu wanasimama wanacheza. Hakuna anayeuliza: ziko wapi?

Halafu kuku anaingia mnadani. Ndizi inaingia, nanasi linaingia. Hapo ndipo makuta ya kweli yanaonekana: noti za franka 500 na 1000 zilizofungwa kwenye kona ya kitenge. Nimeona kuku mmoja akinunuliwa mara nne, kila anayemnunua anamrudisha mezani auzwe tena. Huo ndio mchango. Ule mwingine ni kelele.

Na kuna jambo ambalo wageni wa mbali hawalifikirii. Tangu Oktoba 2014 watu wa teritwari hii ya Beni wanachinjwa, na mtu anayekaa pembeni ya mji anataka awe nyumbani kabla jua halijazama. Mgeni akichelewa saa nne, wale waliotoka mbali wanarudi na giza. Sisi tunapiga makofi, mama anahesabu saa. Kuchelewa kwa mkubwa, hapa kwetu, si mambo ya adabu tu.

Mabati mia moja

Sasa niseme la kwangu. Msimu mmoja wa kampeni niliitwa kwenye mchango wa kuezeka vyumba vitatu vya shule. Sitaji shule wala mtu, sababu nikitaja mmoja wengine kumi watapumua, na ugonjwa ni wa wote. Vyumba vilikuwa na kuta za mbao, na juu hema lililopasuka. Wengi wa watoto waliosomea humo walikuwa wa familia zilizokimbia. Mgombea mmoja alisimama akasema atatoa mabati 100. Wazee walilia kwa furaha.

Nilirudi redioni, na katika habari za jioni nikasoma kwamba mheshimiwa huyo ametoa mabati 100. Ametoa. Sikusema ameahidi. Ndani ya mfuko wangu kulikuwa franka 20000 ambazo katibu wake alinipa nyuma ya hema, akisema ni za usafiri. Kutoka pale hadi kwangu ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu.

Fuateni vile lile neno moja lilifanya kazi. Kwanza, kamati ilipoendelea kuzunguka na bahasha, watu waliwajibu: mnataka nini tena, si tulisikia ku redio kama mabati yamepatikana? Pili, mfanyabiashara mmoja aliyekuwa tayari kutoa mabati 20 aliyapeleka kwingine, kwa kuwa aliona hapa wametosheka. Tatu, wafanyakazi wa shirika moja la misaada walipopita kuandika shule zenye uhitaji, jirani mmoja, bila ubaya wowote, aliwaambia kwamba ile imekwisha kupata mfadhili. Hawakuiandika. Uchaguzi ukapita. Mvua ikaja. Mabati hayakuja hata moja.

Kwa hiyo msiniambie kwamba ahadi ya uongo ni bure tu. Ingekuwa bure, shule ingebaki pale ilipokuwa. Ile ahadi iliirudisha shule nyuma. Mabati ya maneno yalifukuza mabati ya chuma. Na mimi ndiye niliyeyabeba hayo maneno hadi ndani ya nyumba za watu.

Mama mmoja aliyekimbia toka upande wa Eringeti, anayeishi kwa kibarua cha kupalilia mashamba ya wengine, alinisimamisha sokoni. Hakunitukana. Aliniuliza tu: "Mutoto wangu, ile mabati ulisemaka ku redio, ilishafika? Juu mvua iko inanyeshea batoto." Siku ya mchango alikuwa ametoa franka 1000. Kwa mtu wa kibarua hiyo si fedha ya kuchezea. Ni unga, ni chumvi, ni sabuni. Nilimjibu kwamba nitauliza. Nikampigia katibu. Simu iliita, ikaita tena, na siku zilizofuata haikuita kabisa.

Majibu ninayoyajua

Nikisema haya mbele ya watu, majibu huwa ni manne. Nayachukua moja moja.

La kwanza: "Ukiwaaibisha wakubwa hawatakuja tena, na mtakosa hata kidogo." Kidogo gani? Siku ile, kilichoingia sandukuni kilitoka mnadani na katika bahasha za wakaaji. Na humo humo tulikata gharama ya kumpokea mkubwa: hema, viti, bafle, mafuta ya jenereta, chakula cha ujumbe wake. Asingekuja, tungebaki na makuta mengi zaidi. Mtu anayekimbia kwa sababu umemwomba atimize neno lake alikuja kuchukua, hakuja kutoa.

La pili: "Ni desturi yetu kumheshimu mgeni." Ndiyo, na nisingependa tuiache. Lakini desturi hiyo hiyo inasema ahadi ni deni. Huku kwetu, mtu akiahidi mbuzi za mahari na asilete, wazee wanatumwa kwake. Wanakaa, wanaongea kwa upole, na hawaondoki bila kupewa siku. Hakuna anayesema wazee hao wamekosa adabu. Basi kwa nini mbuzi mmoja wa mahari awe na wazee wa kumfuata, na mabati 100 ya watoto yasiwe na mtu?

La tatu linatoka kwa wenzangu wa kazi: "Mwanahabari naye anakula." Kweli kabisa. Redio zetu za jamii zinaishi kwa matangazo ya matanga, ya vyeti vilivyopotea, ya mbuzi waliopotea, na wengi wetu hatujui mshahara wa mwezi ni nini. Kile tunaita kupaje hakikuzaliwa na tamaa peke yake, kilizaliwa pia na njaa. Lakini tuseme ukweli. Yule katibu hakunihurumia. Alinunua neno "ametoa". Kwa franka 20000 alipata heshima ya mtu aliyetoa mabati 100. Kama kazi yetu ni biashara, basi tunauza kwa hasara, na hasara hiyo hatuilipi sisi. Maadili ya kazi tuliyofundishwa yanakataza zawadi za namna hiyo. Katiba nayo, katika kifungu cha 24, inampa kila mtu haki ya kupata habari. Mama wa sokoni alikuwa na haki hiyo, nami niliiuza nyuma ya hema.

La nne ndilo linanikasirisha kuliko yote: "Serikali haifanyi kitu, acheni basi wanasiasa watusaidie." Ndugu zangu, hapa ndipo tunapigwa bila kujua. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure, na tangu Septemba 2019 serikali yenyewe inasema imeanza kulitimiza. Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na inapashwa kubaki kule kule yanakotoka. Sheria ya mwaka 2008 inasema katika fungu hilo la jimbo, asilimia 40 nyingine ziteremke hadi miji, komine, sekta na chefferie. Komine yetu imo katika orodha hiyo. Haya si maneno ya wapinzani, ni sheria za Jamhuri.

Basi mbunge akija na kushika mikro, swali si "utatupa mabati mangapi?" Mbunge si muuza mabati. Kazi aliyotumwa Kinshasa ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuibana serikali. Swali la kumuuliza ni: fungu letu liko wapi, uliliuliza siku gani bungeni, na ulijibiwa nini? Akikupa mabati kumi ya mfukoni mwake ili usimuulize juu ya makuta ya taifa, amekununua kwa bei rahisi sana.

Na nafasi za kumuuliza si nyingi. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa hali ya hatari, viongozi wa kiraia walibadilishwa na wanajeshi na polisi, na wengi wanaogopa hata kuomba kibali cha mkutano. Mchango wa shule ni moja ya siku chache ambapo mkaaji wa kawaida anamwona mkubwa uso kwa uso. Siku hiyo tunaitumia kumpigia makofi.

Sanduku la kufuli tatu

Msidhani nasema kila mchango ni mbovu. Nendeni mkaone wamama wa AVEC, hawa wanaoweka akiba pamoja kila juma. Wako ishirini ao ishirini na tano. Wana sanduku moja la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa watu watatu, sanduku linakaa kwa wa nne. Hakuna hata franka 100 inayoingia ao kutoka isipokuwa wote wakiwa wameketi na kuona. Makuta yanahesabiwa kwa sauti. Kabla ya kuachana wanarudia wote hesabu iliyobaki, kila mtu aiweke kichwani, na juma linalofuata sanduku halifunguliwi mpaka wameitaja tena. Wako wasiojua kusoma, lakini hesabu hiyo hawaikosei.

Wana pia mfuko mdogo wa huruma, kwa ugonjwa na matanga. Nilikuwepo siku walipomlipia mwenzao deni la hospitali. Alikuwa mkimbizi wa ndani, amejifungua, na hakuwa na namna ya kutoka. Hakukuwa na hema. Hakukuwa na bafle. Hakuna aliyeshika mikro. Walifungua, wakahesabu, wakatuma wawili waende kulipa na kurudi na risiti. Kazi nzima haikufika nusu saa.

Nilijiuliza njiani: kama wamama hawa wanaweza, kamati zetu za watu wenye diploma na kravati zinashindwa na nini? Hazishindwi na hesabu. Zinashindwa kwa sababu mkutano wetu haukuandaliwa kwa ajili ya shule. Uliandaliwa kwa ajili ya mgeni.

Ninachoomba

Kwanza, kila kamati inayoita mchango ipigilie ubao mlangoni pa shule, ao sokoni, ao kanisani. Upande mmoja: walioahidi. Upande wa pili: kilichofika. Majina yaandikwe makubwa. Baada ya siku 30 ubao huo usomwe mbele ya watu, na wazee wawili watumwe kwa kila mwenye deni, kama vile tunafanya kwa mahari.

Pili, anayetaka mikro atangulize mkono. Aweke mezani alicho nacho, hata kama ni franka 500, kisha aongee. Asiye na kitu si kosa, akae asikilize kama sisi. Na mkutano uanze saa iliyoandikwa, mgeni awepo ao asiwepo, watu wapate kurudi kabla ya giza.

Tatu, gharama za siku zisomwe pamoja na mapato. Tukiambiwa kiasi fulani kimeingia, tuambiwe pia hema, chakula na bafle vilikula kiasi gani. Kamati nyingi zitashtuka zenyewe.

Nne, jamaa waliokimbia wawekwe ndani ya kamati, si ndani ya picha. Wengi wao hawaishi kambini, wanaishi katika nyumba zetu, wanakula katika sufuria zetu, na watoto wao wanasoma na wetu. Wanachanga. Yule mama wa franka 1000 alitoa kuliko mgombea. Mtu anayetoa ana haki ya kushika mojawapo ya zile funguo tatu.

Tano, wenzangu wa mikro. Tukubaliane juu ya maneno mawili tu: ametoa, na ameahidi. Tusiyachanganye tena. Kama mkutano uko mbali na unahitaji pikipiki, waandaaji wailipe redio mbele ya watu, kwa risiti, na hesabu hiyo isomwe. Bahasha ya nyuma ya hema tuikatae. Najua nani atanicheka. Ninyi mnaonicheka, mmewahi kumpita mama wa watu sokoni mkigeuza uso? Mimi nimefanya hivyo majuma mengi.

Nilipochoka kugeuza uso, nilisoma sahihisho ku redio: nilisema mabati 100 yalitolewa, hayakutolewa, kosa ni langu. Sekunde ishirini. Jioni ile mtu ambaye hakusema jina lake alinipigia kunikumbusha kwamba mji ni mdogo. Nilimjibu kwamba najua. Zile franka 20000 nilizipeleka kwa kamati, zikaandikwa. Haziezeki hata kona moja, na sisemi haya ili nipongezwe. Nasema ili mwingine asingoje muda niliongoja mimi.

Vyumba vile bado vina hema juu. Uchaguzi wa mwisho ulikuwa 20 Desemba 2023, na kwa muhula wa miaka mitano unaofuata ni 2028, kwa hiyo wageni wa heshima watazidi kuongezeka kila mwaka unaopita. Watakuja na mabati mdomoni. Tuwapokee kwa adabu, tuwape kiti, na tuwaonyeshe ubao.

Na ninyi jamaa mliokimbia, msiseme "sisi ni wageni, hatuwezi kuuliza." Mlitoa. Ulizeni. Mkikosa wa kumuuliza, njooni redioni mniulize mimi.

Kutoka Oicha, ni mwandishi wenu.